Mpira nao uwekewe wakfu

Kwa miaka minane ufunguo wa kabati la vitabu ulikaa kwenye pindo la kanga yangu. Kabati lenyewe lililetwa hapa Chwaka, Zanzibar, na wageni waliokuja kutembea, wakawapenda watoto, wakarudi mwaka uliofuata na maboksi. Tulipigwa picha. Ndani mlikuwa na hadithi za theluji, na kitabu kinene cha kodi za nchi ambayo sitaiona. Vitabu vya Kiswahili vilikuwa vichache, navyo vilisomwa mpaka vikatoka majalada. Nilipostaafu ualimu nilikabidhi ufunguo. Aliyeupokea alihamia mjini, akaondoka nao. Mchwa hawakuwa na haja ya ufunguo.

Kiwanja cha mpira nacho kina hadithi yake. Kila msimu wa uchaguzi huja jezi zenye sura ya mtu kifuani. Zikichanika, basi, mpaka miaka mitano ipite. Nyavu za goli nimeshaziona zimezungushiwa banda la kuku. Vijana hungoja maji yapwe wakacheze mchangani, ufukwe wetu ukishakuwa mpana kama uwanja wa ndege. Ndicho kiwanja pekee kisicho na kamati, na ndicho pekee kinachofunguliwa kwa wakati.

Neno “mfadhili” limenichosha. Wazee wetu walipotaka msikiti upate mafuta ya taa na mikeka, hawakuandika andiko la mradi. Mtu aliitoa minazi yake au nyumba yake wakfu: haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi, pato lake ndilo linalotumika. Sayyidna Umar alipopata shamba Khaybar, Mtume alimshauri alizuie shina na atoe sadaka matunda. Mji Mkongwe mzima umejaa nyumba zilizowekwa hivyo. Kwa nini basi maktaba na kiwanja visiwekewe wakfu?

Mzee mmoja aliniuliza barazani: “Bi Mwalimu, mpira nao ni ibada?” Nikamjibu kwamba wanazuoni watanisahihisha, lakini kijana anayekimbia mchangani alasiri, kisha akakaa na kitabu mpaka magharibi, anawapunguzia wazazi dua nyingi za usiku.

Watu watasema ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma tangu Mapinduzi, tutaweka wakfu kitu gani? Lakini mnazi una mwenyewe hata ukisimama kwenye ardhi ya Serikali, na nyumba vilevile. Mimi ningeanzia dikoni. Samaki wanaponadiwa pale, barafu hutafutwa kama dawa. Kibanda kimoja cha mafriza kikiwekwa wakfu, pato la barafu limlipe binti aliyemaliza kidato cha nne afungue maktaba kila alasiri, linunue mipira, lishone nyavu. Na hati ya wakfu iandike wazi saa za wasichana kiwanjani, kwa netiboli na nage. Zisipoandikwa, wavulana watasema wao ndio waliotangulia.

Uingereza walijaribu jambo la namna hii. Greenwich, London, mwaka 1993, fedha za halmashauri zilipopungua, mabwawa ya kuogelea na kumbi za michezo vilikabidhiwa shirika lisilogawana faida, na baadaye likapewa maktaba pia. Lakini kule mtu hulipa mlangoni kabla ya kuogelea. Chwaka nani atalipia kucheza mchangani? Tukiiga muundo bila pato, tutakuwa tumeunda kamati nyingine tu, yenye mhuri na chai. Hata Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilichoanzishwa mjini mwaka 2002, chenye sifa iliyovuka bahari, kilikaribia kufunga milango mwaka 2019 wafadhili walipojitoa. Muziki haukuwa na kasoro. Kilikosa minazi yake.

Wakfu nao hufa, sifichi. Nenda Mji Mkongwe utazame nyumba zinazolipiwa kodi ya kijungujiko, dari inamvujia mpangaji. Na mutawalli, msimamizi wa wakfu, akiachwa peke yake na daftari, daftari hulowa. Kwa hiyo mali isajiliwe Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, kwa mujibu wa sheria, na hesabu zisomwe hadharani kila baada ya miezi mitatu. Zisisomwe msikitini baada ya Ijumaa peke yake, maana sisi wanawake hatuwi pale. Zisomwe skuli, siku ambayo maji hayaruhusu kwenda kwenye mwani.

Serikali isije ikashukuru na kuondoka. Uwanja wa Amaan ulifunguliwa upya Desemba 2023 na unapendeza, lakini mtoto wa huku atauona kwenye televisheni. Shirika la Maktaba pale Maisara litupe vitabu na limfunze binti wetu kazi. Taa na mshahara tutavibeba wenyewe.

Mimi nina minazi sita nyuma ya nyumba. Kwa bei za sasa, mkwezi akishalipwa, haimlipi mtu mshahara. Pengine itanunua mpira mmoja kila inapoanguliwa. Nimeshawaambia wanangu kwamba naitoa. Mkubwa alinyamaza. Mdogo aliuliza kama mpira wenyewe utakuwa namba tano.