Kusimamia antibiotiki hospitalini ni uwekezaji, si gharama

Mkulima makini hapulizi dawa kwa sababu tu jirani yake amepuliza. Hupita kwanza shambani, akakagua majani, ndipo akapima kama hasara inayomkabili inazidi bei ya dawa. Hesabu hiyo inahitajika pia wodini, kabla mgonjwa hajaandikiwa antibiotiki.

Tatizo ni kwamba anayependekeza mfamasia atengewe muda wa kupitia mafaili ya wagonjwa na kuhoji dawa zilizoandikwa, mara nyingi huambiwa kuwa hakuna fungu. Kazi hiyo huonekana ni matumizi yasiyo na faida. Takwimu zinaonyesha vinginevyo.

Tuchukue mfano wa hospitali kuu ya Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani. Kwa miaka saba, hadi mwaka wa fedha 2008, ilikuwa na kikosi kidogo cha mfamasia aliyebobea katika magonjwa ya kuambukiza na daktari bingwa aliyefanya kazi hiyo kwa sehemu ya muda wake. Walifuatilia dawa zinazoandikwa, wakawashauri madaktari pale ilipobidi.

Kabla ya hapo, hospitali ilitumia dola 44,181 za dawa za kuua vimelea kwa kila siku 1,000 za wagonjwa kulazwa. Mwaka 2008 zilikuwa dola 23,933. Ndani ya miaka mitatu ya kwanza ziliokolewa takriban dola milioni tatu, nyingi kutokana na kupungua kwa dawa za fangasi katika kitengo cha saratani. Hilo ni fundisho kwamba fedha nyingi hupotea kwenye dawa chache za bei kubwa.

Kisha mpango ukasitishwa. Katika miaka miwili gharama zikapanda hadi dola 31,653, ongezeko la asilimia 32, sawa na dola milioni mbili. Lengo lilikuwa kuhamishia rasilimali hizo kwenye ushauri wa madaktari wa magonjwa ya kuambukiza, lakini gharama za dawa ziliongezeka.

Ni kweli kwamba hospitali ya wilaya hapa nchini haiwezi kuokoa mamilioni ya dola, kwa kuwa dawa zake ni chache na nyingi ni za bei nafuu. Lakini kwetu hasara kubwa haionekani kwenye vitabu vya hospitali. Inaonekana kwa mkulima anayeuza mpunga wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, ili anunue sindano ya bei kubwa kwa sababu dawa ya kawaida imeshindwa kazi. Huuza mpunga, na mara nyingine mbuzi pia, na msimu unaofuata hana mtaji.

Mfugaji naye yumo. Anayewapa kuku antibiotiki kila wiki kama kinga anachangia usugu huo huo, na utamrudia bandani. Mwaka 2017 Benki ya Dunia ilikadiria kuwa, hali ikiwa mbaya zaidi, usugu wa dawa unaweza kupunguza uzalishaji wa mifugo duniani kwa asilimia 7.5 ifikapo mwaka 2050.

Tanzania imekuwa na mpango kazi wa taifa wa kupambana na usugu wa dawa tangu mwaka 2017, na wa pili ni wa 2023 hadi 2028. Kinachotakiwa ni kuuwekea fedha. Tunashauri kila hospitali ya mkoa imtengee mfamasia mmoja saa maalumu za kazi hii, ianze na dawa tano zinazokula fedha nyingi zaidi, na Kamati ya Dawa na Tiba ipokee hesabu zake kila robo mwaka. Mifuko ya bima ya afya, ambayo ndiyo hulipa sehemu ya bili hizo, ichangie gharama.

Mshahara wa mfamasia unaonekana kwenye bajeti, lakini dawa iliyotumika bure haina fungu lake. Ndiyo maana ni rahisi kukata wa kwanza na kuendelea kulipia ya pili.