Garimoshi la Mkebe si Mchezo wa Watoto

Wanafunzi wenzangu, nimechoka kuchekwa. Ati kijana wa kidato cha tatu bado anaunda magari ya mikebe! Mwalimu mmoja aliwahi kuniuliza kama nimekosa vitabu vya kusoma.

Hebu nieleze. Ninachounda ni mfano wa Mount Gelai, injini ya mvuke nambari 5918 iliyomo katika Makavazi ya Reli, Nairobi. Iliundwa Manchester, Uingereza, miaka ya 1950, na ina uzito wa tani 252. Kipimo changu ni moja kwa hamsini. Reli yake ina upana wa milimita 1,000, basi yangu ni 20 barabara. Kipenyo cha gurudumu lake kubwa ni milimita 1,372. Langu lapasa kuwa 27. Kizibo cha soda ukikikata meno chakaribia hapo hapo. Nahitaji vizibo 16, na nimeshaharibu zaidi ya 40!

Sasa niambieni, hizo si hesabu? Uwiano tulioukariri darasani mimi niliuelewa kwa mkasi na kizibo. Wanaokusanya vigarimoshi vya dukani siwalaumu, lakini bei yake nani ataiweza? Mkebe waokotwa.

Ombi langu kwa walimu ni meza moja tu, hata iwe nyuma ya maabara. Atakaye aje tuunde mabehewa. Mimi nimefikia gurudumu la 11.