Makocha wazalendo si viraka

Natoa maoni yangu juu ya jambo linalotugawa wapenzi wa kandanda kila klabu zetu kubwa zinapobaki bila kocha, yaani nani apewe timu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Mbuji, wilayani Mbinga, na ni mshabiki wa Simba. Sifichi jambo hilo, maana majirani wote wanalijua, na wale wa Yanga hunikumbusha kila timu yangu inapofungwa.

Huku kwetu mjadala wa kocha hauna msimu. Wakati wa kahawa hufanyika kwenye mizani, na wakati wa kuchimba ngoro hufanyika shambani jembe likiwa mkononi. Zamani tulikuwa na Majimaji ya Songea ya kutuliwaza, timu ya mkoa wetu iliyotwaa ubingwa wa Muungano mwaka 1985, 1986 na 1998. Tangu iliposhuka daraja mwaka 2018, ugomvi wetu wote umehamia Dar es Salaam, kwenye klabu mbili ambazo wengi wetu hatujawahi kuziona uwanjani kwa macho yetu.

Septemba 2025, Fadlu Davids wa Afrika Kusini alipoiacha Simba akaenda Raja Casablanca, mabishano yalikuwa makali kuliko ya mkutano wa kijiji. Mmoja alitaka Mwarabu kutoka Algeria au Tunisia, akisema hao ndio wanaoijua Afrika. Mwingine hakutaka kusikia ila Mzungu. Kijana mmoja alikuwa na majina kumi kwenye simu yake, na kila jina na sifa zake. Katika majina yote niliyoyasikia siku hizo Watanzania walikuwa wawili tu, nao walitajwa kwa sharti: washike timu kwanza, wakati kocha anatafutwa.

Ndugu Mhariri, sharti hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kumbe kwetu Mtanzania akisimama kwenye benchi, hata akishinda, bado kocha hajapatikana!

Tuangalie mfano wa Juma Mgunda, maana huo unatosha kuonyesha ninachosema. Septemba 2022 Simba iliachana na Zoran Maki ligi ikiwa ndiyo kwanza imeanza, na michuano ya Klabu Bingwa Afrika iko mlangoni. Mgunda akachukuliwa kutoka Coastal Union ya Tanga. Hakupewa muda wa kujiandaa wala hakusajili mchezaji hata mmoja. Alikwenda Malawi akawafunga Nyasa Big Bullets mabao mawili kwa bila, na marudiano nyumbani yakawa vivyo hivyo. (Huku mwambao wa Ziwa Nyasa mechi ile ilikuwa na utamu wake, maana wapo watu wa Liuli na Mbamba Bay wenye ndugu ng'ambo.) Baadaye akaenda Angola, mahali ambapo timu nyingi hurudi zikilia, akaifunga Primeiro de Agosto mabao matatu kwa moja, na Dar es Salaam akashinda tena bao moja kwa bila. Simba ikaingia hatua ya makundi.

Je, alipata zawadi gani? Januari 2023 aliletwa Roberto Oliveira wa Brazil, tuliyemwita Robertinho, naye Mgunda akarudishwa kuwa msaidizi. Sina ugomvi na Mbrazil yule. Alitufikisha robo fainali, tukatolewa na Wydad kwa penalti. Lakini tarehe 5 Novemba 2023 Yanga ikatufunga mabao matano kwa moja, naye akaondolewa. Akaja Abdelhak Benchikha wa Algeria, ambaye washabiki tulimshangilia kwa sababu mwaka huo huo alikuwa ameifunga Yanga katika fainali akiwa na USM Alger. Tulimpenda kwa kumkomoa jirani! Aprili 2024 naye akaondoka. Na nani akaitwa kuja kuzima moto? Ni Mgunda yule yule, aliyekuwa amepelekwa kufundisha Simba Queens, akisaidiana na Selemani Matola. Wakamaliza msimu. Kisha akatafutwa kocha.

Wenzetu wa Yanga wasicheke. Novemba 2019, alipoondolewa Mwinyi Zahera, timu alikabidhiwa Charles Boniface Mkwasa, mtu aliyeichezea klabu hiyo na aliyekwisha kuifundisha Taifa Stars. Ilipofika Januari 2020 akawekwa pembeni, akaletwa Luc Eymael wa Ubelgiji. Mbelgiji huyo alifukuzwa Julai mwaka huo huo kwa kuwatolea washabiki wa Yanga maneno ya kibaguzi. Mkwasa hakuwahi kumtukana mtu.

Sisi walimu tunaijua vizuri hali hii kuliko watu wengi. Shule ikiwa na kaimu mwalimu mkuu, mambo huenda, kengele hugongwa na watoto husoma. Lakini kaimu hawezi kupanga ya mwaka ujao, hawezi kumkemea mwalimu mkubwa wake wa kazi bila kuangalia nyuma, na kila mtu anamsalimu huku akisubiri atakayekuja. Wachezaji nao ni watu. Mchezaji anayejua kwamba kocha huyu atakuwa msaidizi baada ya miezi mitatu atamsikiliza kwa sikio moja. Na kaimu akishindwa, tunasema si mnaona, wazalendo hawawezi. Akishinda, tunasema amebahatisha. Sijui kipimo hiki tumekitoa wapi.

Najua majibu nitakayopewa, nami nisingependa kuyakwepa. Yupo atakayesema wageni ndio waliotufikisha mbali. Ni kweli kwa sehemu. Nasreddine Nabi wa Tunisia aliifikisha Yanga fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2023, ikalikosa kombe kwa kanuni ya mabao ya ugenini tu. Fadlu aliifikisha Simba fainali ya kombe hilo hilo Mei 2025, tukafungwa na RS Berkane. Hao walifanya kazi ya kutukuka na walistahili mishahara yao. Lakini tusisahau kwamba Simba ilikuwa imekwisha kufika fainali ya Afrika miaka mingi kabla, mwaka 1993, katika Kombe la CAF dhidi ya Stella ya Abidjan, na kwenye benchi alikuwapo Abdallah Kibadeni, yule yule aliyeifunga Yanga mabao matatu peke yake mwaka 1977 katika ile mechi ya sita bila. Basi katika fainali hizo tatu kocha mmoja alikuwa Mtanzania, mmoja Mtunisia na mmoja wa Afrika Kusini. Mzungu anayesubiriwa na jirani yangu kila msimu hayumo.

Yupo pia atakayesema makocha wetu hawana leseni, na CAF haimruhusu kila mtu kukaa kwenye benchi kama kocha mkuu. Hoja hii ina uzito, nami nitairudia hapo chini. Ila kwa Mgunda haisimami. Kama hakuwa na sifa, ile mechi ya Angola aliiongoza nani?

Hoja ngumu kuliko zote ni ya Taifa Stars, na wenzangu walinibana nayo. Januari 2024 kule Ivory Coast, Adel Amrouche wa Algeria alifungiwa na CAF baada ya mechi ya kwanza tu, ambayo tulifungwa na Morocco matatu bila. Timu akaachiwa Hemed Suleiman, na Mgunda tena akiwa msaidizi wake. Tukatoka sare na Zambia na Kongo. Hemed akabaki, na tarehe 19 Novemba 2024 tukaifunga Guinea bao moja la Simon Msuva pale Uwanja wa Benjamin Mkapa, tukafuzu kwenda Morocco. Agosti 2025 katika CHAN tuliyoiandaa pamoja na Kenya na Uganda, aliongoza kundi lake na kufika robo fainali. Halafu Novemba 2025, mwezi mmoja na ushei kabla ya fainali alizotufuzisha mwenyewe, akaondolewa na timu akapewa Miguel Gamondi wa Argentina.

Na Gamondi akafanikiwa. Tulifungwa na Nigeria, tukatoka sare na Uganda na Tunisia, na kwa mara ya kwanza katika historia Tanzania ikavuka hatua ya makundi, hadi ilipotolewa na wenyeji Morocco kwa bao moja mnamo Januari 2026. Nilishangilia kama wengine. Nisingekuwa mkweli kama ningesema Hemed angefanya hivyo hivyo, maana hakuna ajuaye. Lakini wanaoutumia ushindi ule kusema mzalendo hafai wanasahau mambo mawili. Kwanza, tiketi ya kwenda Morocco ilikatwa na Hemed. Pili, Gamondi hakushuka kwenye ndege akaanza kuuliza majina. Alikuwa amefundisha Yanga tangu 2023, akaja kuifundisha Singida Black Stars, akiwajua vijana wetu mmoja mmoja, nani mvivu na nani ana moyo. Alifaa kwa sababu alikuwa ameijua nchi. Sasa kama kuijua nchi ni sifa, kuna mtu gani mwenye sifa hiyo kumzidi aliyezaliwa humu?

Hapa ndipo nalaumu sisi washabiki kabla ya viongozi. Ukihesabu tangu Julai 2023 hadi Oktoba 2025, Yanga peke yake imepita kwa Gamondi, Sead Ramovic, Miloud Hamdi, Romain Folz na Pedro Gonçalves. Simba nayo, baada ya Fadlu kuondoka Septemba 2025, ilimleta Dimitar Pantev wa Bulgaria mwezi Oktoba na kuachana naye Desemba, akaja Steve Barker wa Afrika Kusini. Kila mmoja alikuja na mazoezi yake, wasaidizi wake na wachezaji anaowataka. Huku Umatengoni mtu akipanda mbuni anajua atasubiri kama miaka mitatu ndipo achume cha maana, na hakuna mwenye akili anayeung'oa kila masika akapanda mwingine. Lakini mkulima huyo huyo, aliyeingoja kahawa yake kwa subira yote, ndiye anayepiga kelele kocha aondoke baada ya sare mbili. Viongozi wanatusikia, wanatuogopa, na jina la kigeni huwa dawa ya kutunyamazisha. Kocha akitoka mbali tunanyamaza angalau mwezi mmoja. Mzalendo hatununulii hata wiki.

Tena tunabishana mahali pasipo na nguvu. Kocha hachaguliwi kwa kelele za kijiweni, ni mwajiriwa wa uongozi. Kanuni za michezo za nchi hii zimewabakizia wanachama asilimia 51 ya klabu zinazoingia katika mfumo wa hisa. Mwenye kadi ana kura na ana haki ya kuuliza katika mkutano mkuu. Lakini nimewauliza wenzangu wa hapa wenye kadi, Simba na Yanga, kama tawi limewahi kuandika swali lolote juu ya namna makocha wanavyopatikana. Waliniangalia kama mtu aliyeuliza bei ya mvua.

Narudi kwenye leseni. Timu yangu ya shule huenda UMITASHUMTA kila mwaka Mungu akijalia, na mafunzo yote ya ukocha niliyonayo ni yale ya somo la michezo chuoni. Niliwahi kuomba kozi ya ukocha ya ngazi ya chini kabisa. Nikajibiwa nilipe ada na nauli na malazi mwenyewe, na kozi ilikuwa katikati ya muhula. Sikwenda. Walimu wa namna yangu ni wengi Ruvuma nzima, na mikononi mwetu ndimo vijana wanamojifunza kupiga mpira kabla hata hawajavaa viatu. Kama nchi ina makocha wachache wenye leseni za juu, tusishangae, maana mlango wa chini wenyewe ni mwembamba. Na kijana aliyeacha kucheza juzi, akitaka kusomea ukocha, atavutwa na nini ikiwa anaona Mgunda, Mkwasa na Hemed wote wameishia kushikilia nafasi za watu wengine?

Sisemi wageni wafukuzwe, wala sisemi mzalendo apewe timu kwa huruma. Nasema apewe kama wao wanavyopewa: mkataba wa misimu miwili, ulioandikwa kabla ya ligi kuanza, sauti katika usajili, wasaidizi aliowachagua mwenyewe, na jina la kocha mkuu bila neno la kaimu mbele yake. Akishindwa baada ya hapo, aondoke kama Robertinho alivyoondoka, nami sitaandika barua.

Mwisho, naomba viongozi wa Simba na wa Yanga watujibu katika ukurasa huu huu. Mara ya mwisho mlipoketi kumtafuta kocha mkuu, si wa muda, palikuwa na jina la Mtanzania mezani? Kama lilikuwapo, alipungukiwa na nini? Na kama halikuwapo, nani aliamua lisiwepo?

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mbuji, Mbinga.