Chumba tulivu kiko wapi bomani?

Wadau, kuna ushauri naukuta kila ninaposoma kuhusu watoto wenye usonji: mtoto akizidiwa na hofu, mpeleke kwenye chumba chake tulivu. Chumba chake! Aliyeandika hayo nadhani hajawahi kulala kwenye nyumba ya Kimasai kule Endulen, watu na ndama chini ya paa moja. Wala hajapanga vyumba viwili Karatu mjini, redio ya jirani inaunguruma na bodaboda zinapita mlangoni.

Hapa ndipo ninapogombana na wataalamu wetu. Kijitabu cha Ulaya kinatiwa Kiswahili, kinagawiwa kwenye semina, basi, kazi imekwisha. Bibi wa Kiiraqw anayelea mjukuu kule Mbulumbulu, Kiswahili chenyewe cha kuombea maji, atakifanyia nini?

Na tatizo si dogo jamani. Watoto wengi wenye usonji wanaishi na hofu kali: kelele, umati, ratiba kubadilika ghafla. Mpeleke mnadani Karatu, aanze kuziba masikio na kujitupa chini, utasikia, "Huyo kakosa kiboko." Anachapwa, hofu inazidi, siku nyingine anafungiwa ndani. Mama naye anafungwa hapo hapo, maana amwachie nani? Bado hajasemwa kwamba amelaaniwa.

Njia zipo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mafunzo ya walezi: vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, na anayefundisha si lazima awe daktari bingwa. Tena yameandikwa ili kila nchi iyarekebishe kwa mazingira yake. Sisi Januari 2024 tulizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 kwa miaka mitano. Kwa nini wachache kati yao, wanaosema Kimaa, Kiiraqw au Kidatoga, wasifundishwe hili?

Mhudumu afike, akae chini ya mti na mama, bibi, na mzee wa boma pia (bila yeye hakuna kitakachofanyika, tusidanganyane). Aonyeshe kumzoesha mtoto kidogo kidogo: leo asimame mbali na mnada dakika tano arudi, wiki ijayo asogee hatua chache. Kona tulivu iwe nyuma ya zizi, na shuka lake lile lile la kujifunika. Hiyo inahitaji mfadhili gani?

Halafu kuna la Msomera. Tangu 2022 familia zimehamishwa kutoka Ngorongoro kwenda Handeni, na magazeti yameandika sana habari za ardhi na mifugo. Sasa chukua mtoto ambaye kubadilisha tu njia ya kwenda kuchota maji kunamtoa jasho. Anapandishwa basi, anaamkia mkoa mwingine, nyumba nyingine, majirani wengine. Nani alikaa na mama yake kabla ya safari, kwa lugha yake, akamwambia amwandae vipi? Nawauliza wa Ngorongoro na wa Handeni, na nitaendelea kuwauliza.