MAJI YA KISIMA CHETU TUYAPIME

Katika parokia nyingi baada ya Misa tunasomewa hesabu: sadaka imepatikana kiasi gani, michango ya jumuiya imefika wapi, mabati yamegharimu nini. Ni desturi njema. Lakini ni lini tulisomewa hesabu ya maji tunayokunywa?

Vijiji vingi kuzunguka Mlima Meru hutegemea chemchemi na visima. Maji yanametameta, nasi tunasema ni safi kwa kuwa yanatoka ardhini. Wazazi wapendwa, macho hayapimi maji. Vijidudu kutoka choo kilichochimbwa karibu na kisima havionekani. Hata floridi, madini yanayotoka katika miamba ya volkano, haina rangi wala harufu. Tunaitambua baadaye, kwa meno ya kahawia ya watoto wetu na, kwa wengine, miguu iliyopinda.

Mwaka 1974 Tanzania iliruhusu kwa muda hadi miligramu 8 za floridi katika lita moja ya maji ya vijijini, kwa kukosa maji mengine. Siku hizi kiwango ni 1.5, sawa na ushauri wa Shirika la Afya Duniani. Vijidudu vya kinyesi visionekane kabisa katika mililita 100.

Tuendelee kuchemsha maji, maana vijidudu hufa. Lakini floridi haiondoki kwa moto. Maji yakipungua kwa mvuke, yenyewe hubaki sufuriani na kuzidi.

Wengine watasema: kupima ni gharama, na kisima kikifungwa tutakunywa nini? Hofu hiyo ni ya haki. Lakini kupima si kufunga. Maji yenye floridi yanafaa kuoga na kufua. Ya kunywa na kupikia, hasa kwa watoto wadogo ambao meno yao bado yanajengeka, yatafutwe kwingine, au yakingwe ya mvua na kuchemshwa. Tena ziko njia za kuyachuja. Jimbo Katoliki la Nakuru, Kenya, limetumia mkaa wa mifupa ya wanyama kupunguza floridi, na kituo cha Ngurdoto hapa Arusha kimeifanyia utafiti njia hiyo. Lakini utachujaje usichokijua?

Kisima kilichopimwa siku ya kuchimbwa tu ni kama mtoto aliyepimwa uzito siku ya kuzaliwa tu. Kwa hiyo tunaziomba kamati za maji zitenge sehemu ya fedha za ndoo kwa ajili ya vipimo. Sampuli ipelekwe maabara ya maji kila mwaka, na vijidudu vipimwe tena wakati wa masika, maji machafu yanapoingia visimani. Majibu yabandikwe kisimani na yasomwe baada ya Misa, yawe mazuri au mabaya.

Kumnywesha mwenye kiu ni tendo la huruma. Tuwanyweshe watoto wetu maji tunayoyajua.