Nyumba Njema si Mlango

Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hii imepita vinywani mwa watu wa pwani kwa vizazi vingi. Imetiwa kwenye kanga, imeghaniwa harusini, imetumiwa kumsuta kila aliyechagua sura akaacha tabia. La ajabu ni kwamba waliobobea katika kuighani ndio hao hao waliobobea katika kuusifu mlango. Hakuna mwaka upitao visiwani bila ya mshairi kuutungia beti mlango wa Mji Mkongwe, nakshi zake, njumu zake na kizingiti chake. Yaliyomo ndani ya ukuta, yaani waya upitao nyuma ya chokaa na bomba lilalo chini ya sakafu, hayajapata mtunzi. Yameachiwa mafundi, na mafundi wameachiwa lugha za watu.

Madhara ya uzembe huo hayaonekani barazani. Huonekana mbali, kwa mfano Buseresere. Mji huu wa biashara uko wilayani Chato, kando ya barabara itokayo Geita kuelekea Biharamulo, na umeshikana na Katoro kiasi ambacho mpita njia hajui ni wapi alipotoka mji mmoja akaingia mwingine, ingawa Katoro imo katika Wilaya ya Geita. Hadi mwaka 2012, ulipoundwa Mkoa wa Geita, Buseresere ilihesabiwa katika Mkoa wa Kagera. Ni mji unaokula jasho la ukanda wa dhahabu: mchimbaji akipata huja kununua, akikosa huja kukopa. Humo wamo Wasukuma, Wazinza, Wasumbwa, Waha na Wahaya, wala si ajabu kumkuta mtu wa Pemba nyuma ya meza ya duka la nguo. Wengi ni wageni, na lugha inayowakutanisha wote ni Kiswahili.

Na achukuliwe mfano wa mmoja wa wageni hao. Amenunua boma ambalo mwenyewe alishindwa kulimaliza: kuta zimesimama, bati limeezekwa, ndani hamna kitu. Mtaji wake wote umo dukani. Fundi wa kuaminika hamjui, na wa kubahatisha anamwogopa. Basi siku ya Jumapili anakwenda duka la vifaa vya ujenzi, ananunua waya, swichi, soketi, mabomba ya plastiki na koki, anaazima ngazi kwa jirani, anaanza kazi mwenyewe. Akifika juu ya ngazi anafungua boksi la kifaa na kutoa karatasi ya maelekezo. Karatasi imeandikwa Kiingereza upande mmoja na Kichina upande wa pili. Mtu huyu amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, anafanya biashara kwa Kiswahili na anaswalia watoto wake dua kwa Kiswahili. Lakini jambo ambalo kulikosea ni kuitia nyumba yake moto, haambiwi kwa Kiswahili.

Hapa husikika sauti mbili za kumlaumu. Ya kwanza ni ya msomi wa mjini, asemaye kwamba mtu huyo ni bahili na mjinga. Kazi ya umeme si ya kila mkono. Ya pili ni ya mpenzi wa fasihi, ambaye haoni hata sababu ya kumjadili; kwake yeye waya na bomba si mambo ya majarida ya ushairi. Sauti hizi mbili hazijuani, lakini zinasaidiana. Ya kwanza inamnyima mtu haki ya kujua, ya pili inamnyima maneno ya kujulia.

Msomi anayo hoja, nayo haifai kupuuzwa. Sheria inataka kazi ya kutandaza nyaya ifanywe na fundi mwenye leseni, na Tanzania Bara leseni hiyo hutolewa na EWURA. Ni sheria ya haki, kwa kuwa umeme haumwui aliyekosea peke yake. Humwua mtoto wake, mpangaji wake, na fundi wa shirika aliye juu ya nguzo. Lakini leseni huchunga siku moja tu, siku ya nyumba kuungwa. Baada ya hapo mwenye nyumba huongeza chumba cha uani, mpangaji huongeza soketi ya friji, kijana huvuta taa hadi kibandani. Hapana sheria iwezayo kukaa katika kila ua wa Buseresere ikingoja mtu ashike bisibisi. Pale sheria inapoishia, kinachomlinda mtu ni maarifa, na maarifa hayatembei bila ya lugha.

Maarifa yenyewe si makubwa wala si ya siri. Lichukuliwe suala la rangi. Katika utaratibu wa zamani wa Kiingereza, waya mwekundu ndio wenye moto na mweusi ndio nyutro. Katika utaratibu mpya, ambao Uingereza yenyewe iliuhamia kati ya mwaka 2004 na 2006, kahawia ndio moto na buluu ndio nyutro. Ama mweusi, penye umeme wa njia tatu, nao ni waya wa moto. Nyumba nyingi za Afrika Mashariki zina nyaya za enzi zote mbili. Aliyezoea kuushika mweusi kwa imani ya zamani, siku atakapoukuta katika utaratibu mpya imani hiyo itamponza. Sentensi tatu zatosha kumwonya, lakini sentensi hizo hazimo katika karatasi aliyoshika.

Lichukuliwe tena suala la fyuzi. Watu wengi huamini kwamba fyuzi huokoa maisha, na imani hiyo si sahihi. Fyuzi huuokoa waya usiungue, haimjui binadamu. Plagi ya kawaida ya miguu mitatu ina fyuzi ya ampea 13. Kifaa cha kumkinga mtu, kile kikatacho umeme mara unapovuja kwenda ardhini, hutegwa kikate kwenye miliampea 30 tu. Ampea 13 ni zaidi ya mara 400 ya kiasi hicho. Maana yake ni kwamba mtu aweza kuuawa na umeme huku fyuzi ikiwa nzima na taa inawaka. Ndiyo sababu ya kuwapo waya wa tatu, wa kijani wenye mistari ya manjano, ambao mafundi huuita ethi na ambao mgeni juu ya ngazi huukata na kuutupa kwa kuwa taa inawaka bila ya huo.

Kisha huja tamaa ya maji ya moto. Kifaa cha kuchemshia maji bafuni chenye wati 5,000, katika umeme wa volti 230, hunywa karibu ampea 22. Waya wa milimita 1.5 za mraba ni waya wa taa. Ule wa 2.5 ni wa soketi. Wala mmojawapo haukukusudiwa mzigo huo. Akiunga bafu kwenye waya wa taa, siku ya kwanza ataoga vizuri, na ya pili pia. Waya utakuwa unapikika polepole ndani ya ukuta, mahali ambapo mlango mzuri hauonyeshi. Wahenga walilijua jambo hili waliposema rahisi ghali, ingawa hawakuwa na bafu la umeme.

Maji nayo yana sheria zake, tena za upole zaidi. Tangi likiinuliwa mita 2 juu ya koki, maji yatashuka kwa unyonge, kwa kuwa ni mita 10 za kimo ndizo zinazotoa msukumo wa baa moja. Tatizo si bomba wala fundi, ni kimo. Bomba la maji machafu halitaki mlalo wala mwinamo mkali: sentimita 2 hadi 3 kwa kila mita zatosha, ili maji yasiyaache taka nyuma. Ile kona iliyopinda chini ya sinki, ambayo wengi huinyoosha wakidhani ni kosa la kiwanda, huwekwa ili ibaki na maji yanayozuia harufu na wadudu wa shimoni wasipande jikoni. Na mwenye kuchimba choo ahesabu angalau mita 30 kutoka kisimani. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini nani atauziba ufa asioujua jina?

Hapo ndipo lilipo shauri zima. Mswahili wa kale hakuwa mtu wa kuogopa majina ya vitu vya kazi. Alipounda chombo alikitaja kila kiungo: mkuku, mataruma, mlingoti, foromali, omo, tezi, usukani. Kuziba nyufa za mbao alikuita kukalafati. Alipojenga nyumba ya mawe alikuwa na boriti, banzi, daka, kidaka na sebule, na alijua kwamba upana wa chumba huamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko. Maneno hayo yaliingia kwenye tenzi na mashairi bila ya mtu kuuliza kama yana hadhi, na mshairi aliyejua foromali na tanga hakuhesabiwa kuwa kibarua wa bandarini. Vipi basi vitu vya leo, vilivyo karibu na uhai wa mtu kuliko tanga, vionekane najisi katika ukurasa wa fasihi?

Watasema istilahi zipo. Ni kweli. BAKITA ilianzishwa mwaka 1967 na imetoa orodha za istilahi. TUKI ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Kazi hizo ni za kuheshimiwa. Lakini istilahi iliyolala kabatini haina tofauti na dawa isiyofunguliwa. Muuza duka wa Buseresere haijui, na fundi amekwisha kujiundia yake: waya wa moto, meni switchi, holda, ethi, elbo, getivalvu. Maneno haya hayatafutwi kwa amri. Yafaa yakusanywe, yalinganishwe na ya kamusi, yaandikwe kwa ufasaha na kurudishwa kwa wenyewe. Kazi hiyo ni ya watu wa lugha, na wao wamekuwa wakishughulika na sherehe. UNESCO iliitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021, na Umoja wa Afrika ukakifanya Kiswahili lugha yake ya kazi mwaka 2022. Hotuba zilikuwa tamu. Karatasi ndani ya boksi la swichi haikubadilika hata herufi.

Visiwani nako hakuna wa kumcheka mtu wa Buseresere. Mwaka 2008, Unguja ilipokaa gizani kwa takriban mwezi mzima, na tena tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, baada ya hitilafu katika njia ya umeme itokayo Bara, kila aliyemudu alinunua jenereta. Kuunga jenereta na nyumba bila ya swichi ya kubadilisha njia ni kuurudisha umeme kwenye nguzo, na kumngojea fundi wa shirika huko juu akiamini kwamba nyaya zimekufa. Giza lile lilitungiwa malalamiko mengi. Swichi ile haikutungiwa chochote.

Hata Mswahili aliyehamia Ulaya anafundisha jambo. England imeweka tangu mwaka 2005 kanuni juu ya kazi za umeme majumbani, na baadhi ya kazi hazifanywi bila ya kuarifu mamlaka. Lakini pamoja na kanuni, mwenye nyumba ana vitabu vya kumwelekeza, katika lugha aliyonyonya, vyenye picha na onyo. Sheria na kitabu vinakwenda bega kwa bega. Mhamiaji wa Unguja anayekarabati fleti yake huko hujifunza kwa Kiingereza, na akirudi kwao hawezi kumfundisha mdogo wake, kwa kuwa ujuzi wake haukuwahi kuvaa Kiswahili.

Wala haidhaniwi kwamba ushairi utashushwa hadhi. Elimu kwa njia ya beti ni desturi kongwe ya pwani. Ibada, adabu na unyumba vilifundishwa kwa tenzi kabla ya shule za serikali. Ubeti mmoja usio na makuu, uliobandikwa ukutani mwa duka la vifaa juu ya nyaya za utaratibu mpya, ungeweza kusema hivi:

Kahawia una meno, usishike kwa haraka,
Buluu ni makutano, mkondo unapotoka,
Kijani wenye manjano, ardhini wapumzika,
Zima kwanza kisha pima, ndipo mkono kuweka.

Ubeti huo hautampa mtu leseni, wala hautamgeuza fundi. Utamfanya asite kabla ya kuukata ule waya wa tatu, na pengine umfundishe kumwita fundi akijua la kumwuliza. Asiyejua jina la kitu hawezi hata kukagua kazi aliyoilipia.

Milango ya Mji Mkongwe imesifiwa ya kutosha na haitapungukiwa kitu ikipumzishwa msimu mmoja. Wenye kalamu na wakae na fundi umeme na fundi bomba, waandike wanayoyasikia, na majarida yawape kurasa. Yule aliye juu ya ngazi Buseresere hataki sifa za Kiswahili. Anataka Kiswahili chenyewe, kimwambie ni waya upi asiuguse.