Msingoje Ukuta Uanguke

Ndugu zangu wa Kiponda, Malindi na Sokomuhogo, Mji Mkongwe wa Zanzibar,

Nawaandikia kutoka Edinburgh, Scotland, mji wenye vichochoro kama vyetu. Kandokando ya barabara kuu ya mji wa kale, baina ya ngome na kasri la Holyrood, matao ya mawe yanakuingiza kwenye vijia vinavyoteremka mlimani, kuta zimekaribiana hata mbingu huioni ila ukanda mwembamba. Kila kijia kina jina. Fleshmarket Close, kwa mfano, kiliitwa hivyo kwa soko la nyama.

Mji mpya, uliochorwa na James Craig mwaka 1767, una jambo jingine lililonivutia zaidi. Baina ya njia ya miguu na ukuta wa nyumba wameacha uwazi ulioshuka chini ya barabara, wenye ngazi za mawe za kufikia mlango wa chini. Watumishi waliingilia hapo, na makaa yakahifadhiwa kwenye maghala yaliyo chini ya njia ya miguu. Uwazi huo unavipa mwanga vyumba vya chini, na udongo wenye maji hauugusi ukuta.

Lakini mji wa kale haukutunzwa hivyo. Usiku mmoja wa Novemba 1861, jengo la ghorofa penye Paisley Close liliporomoka na kuua watu 35. Kijana mmoja alitolewa hai kwenye kifusi. Sura yake imechongwa juu ya tao la kijia hicho. Mwaka uliofuata ndipo baraza la mji lilipomteua Henry Littlejohn kuwa daktari wake wa kwanza wa afya ya umma. Wafu walikuwa wameshazikwa.

Nasi tumeonywa. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba letu la Beit el Ajaib ilianguka, mafundi wawili wakafariki. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, zinahitaji kupumua. Ukizipiga plasta ya saruji, unyevu hunaswa ndani na boriti huoza bila ya mtu kuona. Na kichochoroni, michirizi ya paa ikipasuka, maji hulowesha nyumba mbili kwa pamoja.

Basi nakuombeni: mkiona ufa mpya, msimngoje mwenye nyumba arudi safari. Mwambieni sheha na Mamlaka ya Mji Mkongwe siku hiyo hiyo.